Laeken: nyumba ya vioo iliyopewa jina la Kongo

Kule Kindu au Kalemie, mchungwa hauombi kitu. Mtoto anatema mbegu nyuma ya jiko, mvua inanyesha, na baada ya miaka kadhaa mama mwenye nyumba anapanga machungwa kwenye sahani kando ya barabara, matano matano, akisubiri wapita njia. Katika Ulaya ya kaskazini mchungwa huohuo ulijengewa nyumba. Si kibanda. Ni nyumba ya mawe yenye madirisha marefu kuliko mlango wa kanisa, iliyochorwa na wasanifu walewale waliokuwa wakichora majumba ya wafalme. Wafaransa waliiita orangerie. Kwa Kiswahili tuseme oranjeri, nyumba ya michungwa.

Mojawapo iko Laeken, kaskazini mwa mji wa Bruxelles, ndani ya shamba la kifalme ambamo mfalme wa Ubelgiji anaishi hadi leo. Ni makao ya Mfalme Philippe, yule aliyefika Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu mwezi wa 6 mwaka 2022. Oranjeri hiyo ingekuwa habari ya mbali kwa Wakongomani kama isingekuwa na majirani. Pembeni yake umesimama mji mdogo wa chuma na vioo, wenye makuba, varanda ndefu na njia za kupita chini ya paa, na jumba mojawapo limeitwa Nyumba ya Kongo tangu lilipojengwa mwaka 1886.

Juu ya majengo hayo kuna maneno yanayorudiwa mara nyingi, hasa kila inapokaribia tarehe 30 mwezi wa 6: kwamba kila kioo cha Laeken kilinunuliwa kwa mpira wa Kongo na kwa damu ya waliouchuma. Uchungu ulio ndani ya maneno hayo ni wa kweli. Lakini tarehe hazikubaliani nayo yote, na anayedai haki mbele ya historia atafanya vema aanze na tarehe, kwa sababu upande wa pili ndiko utakakoanza kumpiga.

Kwanza tueleze oranjeri ni kitu gani. Usiku mmoja wa barafu kali unaweza kuua mchungwa. Kwa hiyo matajiri wa Ulaya waliipanda michungwa yao ndani ya masanduku makubwa ya mbao. Baridi inapokwisha, masanduku yanatolewa nje na kupangwa kwa mistari bustanini; kabla baridi haijarudi, yanaingizwa ndani tena. Jengo la kuyapokea lilipata umbo lake kutokana na kazi hiyo. Ni ukumbi mrefu na mwembamba. Ukuta wa kaskazini ni mnene na kwa kawaida hauna madirisha, ili uzuie upepo wa baridi. Upande wa kusini ni madirisha matupu, marefu, kwa maana wakati wa baridi jua la kule halipandi juu ya kichwa: linatembea chini chini upande wa kusini, na miale yake inaingia mlalo hadi ukuta wa nyuma. Milango ni mirefu na mipana ili mti upite na sanduku lake bila kuvunjika tawi.

Paa lake ni paa la kawaida ambalo halipitishi mwanga. Mtu wa leo anaweza kuona ni kosa la ujenzi, lakini si kosa. Wakati wa baridi mchungwa unalala. Hauhitaji kukua, unahitaji tu usigande. Mwanga wa madirishani unautosha, na joto kidogo la jiko. Oranjeri maarufu kuliko zote ni ile ya Versailles, Ufaransa, iliyojengwa kati ya 1684 na 1686 na Jules Hardouin-Mansart. Ukumbi wake wa katikati una urefu wa zaidi ya mita 150, nao umefichwa chini ya uwanja wa juu wa bustani, ili udongo wenyewe utunze joto. Baada ya hapo, kila mwana wa kifalme aliyejiheshimu alitaka ya kwake. Chungwa lilikuwa tunda, lakini mchungwa mezani kwa wageni mwezi wa kwanza, theluji ikianguka nje, ulikuwa tangazo la utajiri.

Shamba la Laeken lilianza na Waaustria. Jumba lake kubwa lilijengwa kati ya 1782 na 1784 kwa ajili ya magavana waliotawala nchi ile kwa niaba ya Austria. Napoleon alilichukua mwaka 1804. Napoleon alipoanguka, nchi iliwekwa chini ya William wa Kwanza, mfalme wa Uholanzi, na ni katika utawala wake oranjeri ya Laeken ilipojengwa. Ubelgiji yenyewe ilizaliwa mwaka 1830. Kwa maneno mengine, nyumba ya michungwa ilikuwapo kabla ya nchi ya Ubelgiji kuwapo, na zaidi ya miaka hamsini kabla Leopold hajadai mto Kongo. Hapo hakuna jiwe letu.

Leopold wa Pili alipanda kitini mwezi wa 12 mwaka 1865. Kabla ya hapo, akiwa bado mwana wa mfalme, alikuwa amesafiri Misri, Ceylon, India na hadi China. Alirudi na mapenzi mawili ambayo hayakumtoka tena: kupata koloni na kujenga. Katika bustani, michungwa iliyolala haikumtosha. Alitaka minazi, michikichi na mimea ya nchi za joto isimame hai mbele ya wageni wake katikati ya baridi. Na hapo ndipo ujenzi ulipobidi ubadilike, kwa sababu mnazi haulali. Unahitaji joto mchana na usiku, hewa yenye unyevu, na mwanga unaotoka juu. Ukuta wa mawe na paa zito havifai kitu. Paa lazima liwe kioo.

Kuifanya kazi hiyo kulihitaji chuma. Waingereza walikuwa wametangulia: mwaka 1851 Joseph Paxton, mtu aliyeanza maisha kama mtunza bustani, alisimamisha London jumba kubwa la maonyesho la chuma na vioo lililoshangaza dunia. Leopold alimpa kazi msanifu wake Alphonse Balat, mzaliwa wa 1818, mtu wa kimya aliyependa nguzo za Wagiriki na mistari safi. Bustani ya Baridi, jumba la kwanza kubwa la Balat pale Laeken, ilijengwa kati ya 1874 na 1876.

Inafaa kusimama hapo kidogo. Ni jumba la mviringo lenye upana unaokaribia mita 60. Upana wa kiwanja cha mpira wa miguu unakaribia huo. Ndani, nguzo 36 za mawe zimesimama kwa duara, nene, bila mapambo mengi, kama za hekalu la kale. Juu ya nguzo hizo linaanza kuba la vioo. Balat hakuzificha mbavu za chuma zinazolibeba kuba. Alizitoa nje. Anayelitazama jumba kutoka bustanini anaziona zikipinda juu ya vioo kama mbavu za mtumbwi uliopinduliwa, na kileleni wameweka taji la kifalme la chuma. Ndani hakuna kinachokatisha macho kati ya mti na mbingu. Mawe chini, chuma na hewa juu: msanifu alichukua ukumbi wa kifalme wa zamani, akaung'oa dari. Mabomba ya maji ya moto yalipasha joto, na mfalme alipokea wageni wake humo chini ya minazi.

Sasa tarehe. Kuba hilo lilimalizika 1876. Mwaka huohuo, mwezi wa 9, Leopold aliita Bruxelles mkutano wa wanajiografia na wasafiri, mlango wake wa kwanza wa kuingilia Afrika ya kati. Stanley alikuwa bado njiani. Alifika Boma mwezi wa 8 mwaka 1877, na ndipo Ulaya ilipojua mto wa Lualaba unakokwenda. Basi Bustani ya Baridi ilisimama kabla wenyeji wa Bruxelles hawajaweza hata kuuchora mto Kongo kwenye ramani. Mpira wa Kongo haukuijenga.

Nyumba ya Kongo ni hadithi nyingine, na hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mkutano wa Berlin ulimalizika mwezi wa 2 mwaka 1885. Mwaka huo Dola Huru la Kongo likatangazwa, mali ya mtu mmoja. Mwaka mmoja tu baadaye, Balat akakamilisha nyumba ya vioo yenye jina la nchi hiyo mpya, iliyokusudiwa kupokea mimea yake. Je, ililipwa na nani? Si na mpira. Mwaka 1886 Kongo ilikuwa inamla Leopold, haijaanza kumlisha. Pembe za ndovu zilikuwa zinatoka, lakini vituo, mashua, mishahara na bunduki vilimeza zaidi. Mwaka 1890 mfalme alilazimika kukopa franka milioni 25 kwa serikali ya Ubelgiji ili dola lake lisianguke. Dunlop alitengeneza gurudumu lake la hewa mwaka 1888, na bei ya mpira ilianza kupanda kwa nguvu katika miaka iliyofuata. Mateka, viboko na mikono iliyokatwa vilikuja na bei hiyo.

Kwa hiyo Nyumba ya Kongo ilijengwa kwa pesa alizokuwa nazo mfalme kabla ya mavuno. Wengine wataona hilo linampunguzia mzigo. Kwa kweli linaonyesha jambo ambalo hesabu za mpira pekee haziwezi kuonyesha: nia ilitangulia faida. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, na hakukanyaga hadi kifo chake, alikuwa tayari ameijengea kabati la vioo nyumbani kwake. Nchi kubwa kuliko ya kwake mara 70 na zaidi, yenye wafalme wake, masoko yake na lugha zake, iliingizwa kwenye shamba la Laeken kama chumba kimoja cha bustani, kati ya chumba cha minazi na varanda za maua.

Na chumba hicho hakikufanikiwa. Mimea ya Kongo iliyokusudiwa kukaa humo haikupata hali inayoifaa. Sababu si ngumu kuielewa. Mbandaka iko kwenye mstari wa ikweta. Mchana wake ni wa saa 12 mwezi wa 1 kama mwezi wa 7. Bruxelles mwezi wa 12 inapata mchana wa saa 8 hivi, na jua lenyewe limejificha nyuma ya mawingu. Makaa ya mawe yanaweza kuleta joto. Maji yanaweza kuleta unyevu. Lakini mwanga wa ikweta haukuwa na kiwanda. Mti wa msituni ukipewa joto bila mwanga unarefuka, unapauka, unachoka. Polepole vyumba vikajazwa mimea mingine ya nchi za joto, minazi michanga na mimea ya kivulini inayovumilia zaidi. Mgeni anayeingia leo akitafuta msitu wa Equateur atakuta kijani kingi kizuri, na jina mlangoni.

Wakati nyumba ya mfalme inahangaika, nyumba nyingine za vioo katika Bruxelles hiyohiyo zilifanya kazi yenye matokeo makubwa zaidi, na hakuna aliyezijengea kuba. Kampuni ya L'Horticole Coloniale, ya familia ya Linden, ilikuwa ikikuza mimea ya kuuza. Mwishoni mwa karne ya 19 mkusanyaji wake Edouard Luja alileta kahawa ya msituni kutoka mazingira ya Lusambo, kwenye mto Sankuru. Linden aliiita robusta kwa sababu ya nguvu zake. Karibu na 1900 miche ikapelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umeangamiza mashamba ya arabika, nayo ikastahimili. Kutoka huko ikaenea duniani. (Arabika ya milima ya Kivu haimo katika hadithi hii, ile ni ya asili nyingine.) Mkulima wa Isiro au wa Beni anayekausha robusta mbele ya nyumba yake anakausha mmea ambao uzao wake mwingi duniani ulipita chini ya vioo vya Bruxelles. Lusambo haikupata kitu kwa hilo.

Pesa za mpira, basi, zilijenga nini? Zilijenga mengi, ila baadaye na mahali pengine. Mwaka 1896 Leopold alijitengea eneo lililoitwa Milki ya Taji, kuzunguka ziwa lililopewa jina lake, ambalo leo ni Mai-Ndombe. Mpira wa watu wa Inongo na majirani zao haukuingia katika hazina ya dola. Uliingia katika mfuko wa ujenzi wa mfalme. Tao kubwa la Cinquantenaire pale Bruxelles, lililozinduliwa 1905, lilitoka huko. Kupanuliwa kwa jumba la Laeken lenyewe, kazi aliyopewa msanifu Mfaransa Charles Girault kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ni kwa wakati huohuo na mfuko huohuo. Hapo hakuna ubishi wa tarehe.

Jengo la mwisho la Balat ndilo linalosimama kwenye mpaka. Ni Kanisa la Chuma, kanisa dogo la mfalme, la mviringo, chini ya kuba la vioo, lililomalizika 1895, mwaka aliokufa Balat. Mpira ulikuwa umeanza kulipa, lakini Milki ya Taji ilikuwa bado haijaundwa. Baada ya 1896 mambo yanachanganyika zaidi. Nyumba za vioo zinakula kila siku: makaa ya mawe, watunza bustani, rangi ya kuzuia kutu, vioo vinavyovunjika kila upepo mkali unapopita. Mfuko wa mfalme ulikuwa unapokea mpira kwa mkono mmoja na kulipa makaa kwa mkono mwingine. Ni vigumu kuamini kwamba franka hizo zilitengana njiani.

Kuhesabu franka kwa franka, hata hivyo, hakuwezekani tena, na Leopold mwenyewe alihakikisha hivyo. Mwezi wa 8 mwaka 1908, miezi mitatu kabla Ubelgiji haijaichukua Kongo mikononi mwake, karatasi za Dola Huru zilichomwa moto Bruxelles kwa siku nyingi mfululizo. Anayewaambia vijana wa Kongo walete risiti anapaswa kukumbushwa nani alizichoma.

Chuma cha Laeken kiliacha pia mtoto mjini. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwa Balat wakati wa ujenzi wa nyumba hizo za vioo aliitwa Victor Horta. Alijifunza humo namna chuma kinavyoweza kupinda kama tawi na kubeba mwanga. Mwaka 1893 alianza kukiingiza chuma hicho waziwazi ndani ya nyumba za matajiri, mtindo ambao dunia inauita Art Nouveau. Miaka miwili baadaye alianza nyumba ya Edmond van Eetvelde, yenye ukumbi wa katikati chini ya kuba la vioo, kama Bustani ya Baridi iliyopunguzwa iingie ndani ya kiwanja cha mjini. Van Eetvelde alikuwa mkuu wa utawala wa Dola Huru la Kongo, ofisini Bruxelles. Nyumba hiyo iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Wageni wanaisifu kwa kuinua macho juu, na mwanga wake kweli ni mzuri.

Leopold alikufa tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1909 pale pale Laeken. Hakufia katika jumba kubwa. Alifia katika Banda la Minazi, nyumba ndogo iliyoungana na nyumba zake za vioo, alikokuwa ameweka kitanda. Shamba lenyewe alikuwa ameliachia taifa la Ubelgiji kwa masharti: lisiuzwe, majengo yatunze sura yake, na wafalme watakaofuata waendelee kulitumia. Masharti hayo yanafuatwa mpaka leo, ndiyo maana majina nayo hayakuguswa.

Kila mwaka, kati ya mwezi wa 4 na wa 5, milango inafunguliwa kwa umma kwa majuma matatu hivi. Foleni inakuwa ndefu. Wakongomani wa Matonge, mtaa wao wa Ixelles, wako umbali wa safari fupi ya basi au metro. Anayeingia anapita varanda za maua yanayoning'inia, anavuka Nyumba ya Kongo pengine bila kujua yuko wapi, kisha anafika chini ya kuba la nguzo 36. Oranjeri ya William iko hapo jirani, yenye paa lake lisilopitisha mwanga, bado ni makao ya michungwa ya zamani. Msimu wa baridi ukiisha, watunza bustani wanafungua milango mirefu na kuanza kuitoa nje, sanduku moja baada ya jingine.